Sweta ya Kidato cha Tatu

Mwenda,

Mama yako amekunja nguo, amekuonyesha sabuni ilipo, amekwambia jinsi ya kuishi na shangazi yako wa Kibugu, na kuhusu baridi ya huko, na kupiga simu ukifika. Ameyasema kwa sauti ambayo hata kuku wa jirani sasa wanajua mswaki wako umelala upande gani wa sanduku. Hayo mimi nayaruka.

Mimi nimekasirika. Nianze hapo ili tusipotezeane wakati. Nimekasirika tangu siku tuliyosoma tangazo lile la jeshi, nimekasirika Jumapili kanisani wakati wa kupeana mikono ya amani, na sasa nimekaa kwenye stoo ya ndizi, jua bado halijashuka, nimepindua kreti kuwa meza, na bado nimekasirika. Wewe uko huko nje unaaga marafiki kana kwamba unaenda ng'ambo. Ni Kibugu, Mwenda. Ni Embu hapo tu.

Naandika kwa sababu nikiongea na wewe unajifanya unatafuta chaja. Jana nimeanza tu kusema, "Mimi nilipokuwa Kibugu nikichuma majani chai," ukanikata.

"Anko, ni ile ya ndovu tena? Mara ya kwanza alikuwa mmoja. Pasaka walikuwa wanne."

Mama yako akacheka mpaka akaweka sufuria chini. Dada yangu mwenyewe. Haya. Kwenye karatasi ndovu hawawezi kuongezeka. Nimeandika kwamba alikuwa mmoja, alitoka msituni, nikamtazama na kikapu changu mgongoni, akarudi alikotoka. Atabaki mmoja hapo hata ukisoma barua hii mara mia. Ingawa walikuwa wanne.

Sasa tuje kwa fizikia.

Una B ya jumla. Siitukani hiyo B. Matokeo yalipotoka ni mimi niliyechinja, si wewe, na ni mimi niliyesimama sokoni Nkubu nikawaambia wanunuzi wote wa ndizi kwamba katika boma letu kumetoka injinia wa jeshi, ofisa, mtu wa nyota begani. Wakaanza kukuita Kapteni. Hukukataa. Ulitembea Mitunguu nzima ukiitika. "Kapteni!" "Naam!" Na moyoni ulikuwa unajua kitu ambacho mimi sikukijua.

Unakumbuka tulivyosoma lile tangazo la makadeti wa jeshi? Ulikaa hapa hapa kwenye hii kreti.

"Soma tena," nikakwambia.

"Anko, nimesoma mara tatu."

"Soma pale pa masomo."

Ukasoma. Hesabu, tunayo. Kiingereza, tunacho. Fizikia. Hapo ukakohoa.

"Fizikia yetu iko wapi?"

"Niliiacha."

"Uliiachia wapi?"

"Kidato cha pili."

Ukasema hivyo, Mwenda, kama mtu aliyesahau mwavuli kwenye gari. Tukafungua orodha ya chuo kikuu, ya uinjinia, nikidhani huko watakuwa na huruma. Hesabu, fizikia, kemia. Fizikia imekaa katikati kama mfupa kooni. Na wewe kwenye cheti una nini? Una A ya dini. Mungu asifiwe, sisi ni watu wa kanisa, lakini lori la ndizi likifika katikati ya daraja lako, dereva hatataka kujua ni nabii gani alimezwa na samaki. Atataka kujua kama litashika.

Ukanieleza. Kwamba mwalimu alisema fizikia inashusha alama ya shule. Kwamba wale wasio na uhakika waliambiwa wachukue kitu chepesi. Kwamba nusu ya darasa iliinuka ikatoka, na wewe ukaona ni aibu kubaki na wachache. Nikakufokea, nikasema ungeniuliza. Lakini nimefikiria hiyo sentensi wiki nzima nikipakia ndizi. Ungeniuliza, ningekwambia chukua dini. Nilikuwa najua nini mimi? Mimi nilidhani B ni B, kama vile kilo ni kilo.

Lakini wewe ulijua. Hiyo ndiyo inanichemsha. Ulijua tangu utotoni unataka nini.

Ulikuwa mdogo, hata meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, mvua ilipobeba lile daraja letu la mbao. Tukabaki na ndizi zikiiva upande huu, wanunuzi wamesimama upande ule wakitutazama kama watu wanaoangalia mpira. Wakaja wanajeshi. Hawakuja na bunduki, walikuja na vyuma. Na aliyekuwa akiwaamuru alikuwa msichana, ofisa, mwembamba kama mwiko, penseli juu ya sikio. Akatazama mto, akatazama ukingo, akaandika kidogo, akanyoosha kidole: hapa. Wanaume wazima wakaweka chuma hapo. Unanijua, sikuweza kunyamaza.

"Madamu, mimi ningeliweka pale juu, kwenye lile jiwe."

"Mzee, hilo jiwe linatembea."

Nikacheka, nikawaambia watu huyu mtoto wa mjini ameona jiwe likitembea. Mvua iliyofuata, jiwe likaenda. Daraja liko hapo mpaka leo, ndilo utavuka kesho.

Wewe siku hiyo ulisimama pale kutwa, hukula. Kuanzia hapo ukawa unajenga madaraja ya mabua ya ndizi juu ya mtaro wetu wa maji, unapitisha vyura. Nikakuuliza, utakuwa nani ukiwa mkubwa? Hukusema mwanajeshi. Hukusema injinia. Ulisema, "Yule wa penseli."

Basi mtu wa namna hiyo anaachaje fizikia? Hebu niambie. Vyura walikukosea nini?

Haya. Tumezunguka, tumeuliza, tumepata. Huwezi kuifanya fizikia peke yako nyumbani, kwa sababu ile karatasi ya tatu ya mtihani ni ya vyombo, inataka maabara na mwalimu. Kuna shule Kibugu ina maabara, ina nafasi, na mkuu wake amekubali uingie kidato cha tatu, muhula ukiwa umeanza tu. Na hao watoto wa kidato cha tatu ndio wa mwisho, Mwenda. Mfumo huu wa vidato unafungwa. Nyuma yao hakuna mtu anayekuja kwa njia hiyo. Likipita hilo darasa, kitakachofuata hata walimu wanakisia. Umri wako bado unaruhusu, wa jeshi na wa chuo. Mambo yote yako sawa isipokuwa hiyo shingo yako ngumu.

Maana nilipoleta ile sweta ya shule, nikidhani utafurahi, uliishika kwa vidole viwili.

"Anko, mimi siwezi kuvaa hii na ndevu."

"Nyoa."

"Si ndevu tu. Mimi ni nthaka, nimeshatahiriwa. Nikae deski moja na watoto? Kuna wengine huko hata sauti haijawa nzito. Watu wananiita Kapteni, halafu wanione nimepiga foleni ya uji?"

Halafu ukatoa mpango wako. Eti utaenda uwanjani wanakoandikisha jeshi, na vijana wengine, ukimbie, uhesabiwe meno, uingie kama askari wa kawaida, ukiwa ndani utajua la kufanya. Siwadharau askari. Waliobeba vile vyuma walikuwa askari, na mgongo wao ulikuwa mgongo kweli. Lakini hukusema unataka kubeba vyuma. Tena mama yako umemwambia unaenda shule, na mimi ukaniambia pembeni, "Nitaona nikifika Nkubu." Utaona nini Nkubu? Pale kuna barabara mbili tu, ya kurudi na ya kwenda.

Sasa kuhusu hiyo habari ya nthaka. Nisikilize, kwa sababu hii sijawahi kukuambia vizuri. Nimekuambia kwamba niliacha shule baada ya kumshinda mwalimu mkuu kwa hoja, na kwamba walimu wa tarafa nzima walikuja hapa kunibembeleza. Nimejaribu kuiandika hivyo, kalamu imekataa.

Nilikuwa darasa la saba. Kaka yangu mkubwa alikuwa amefikia kutahiriwa, na babu yako akasema hawezi kufanya sherehe mbili, basi nikapelekwa naye pamoja, kabla ya wakati wangu. Nikakaa, nikapona, nikafundishwa yale tunayofundishwa. Nikatoka nthaka kamili, shuka begani, nikitembea katikati ya njia. Halafu shule ikafunguliwa, nikarudi darasani, nikakuta wenzangu wote bado ni biiji. Watoto ambao hawajatahiriwa, wananuka maziwa, wananipigia kelele wakitaka nicheze mpira wa matambara. Mwalimu, bila hata kunitazama, akanipa ufagio. Mimi na biiji wawili, tufagie darasa.

Nikauweka ule ufagio juu ya meza yake. Taratibu, kwa heshima. Nikatoka.

Kweli hiyo sehemu ilikuwa nzuri. Hata leo nikiikumbuka nasimama wima. Nilifika nyumbani nikiwa mrefu kuliko mlango.

Na walimu wa tarafa? Alikuja mwalimu mmoja, siku moja. Alikunywa chai, akasema mvulana ana kichwa cha hesabu, akaenda.

Wale biiji walitahiriwa mwaka uliofuata, kama watu wote. Wakarudi darasani pamoja, wakaendelea. Niliwatangulia unthaka kwa mwaka mmoja, basi. Hakuna mtu hata mmoja, kutoka Mitunguu mpaka Nkubu, ambaye amewahi kuniuliza nilitahiriwa mwaka gani.

Nikaenda kuchimba mitaro ya paipu za maji, na huko nikajifunza mengi, hilo sitakuruhusu ulipinge. Nusu ya sprinkla za kunyunyizia mashamba unazoziona hapa chini, mikono yangu imepita. Lakini unaujua pia ule mfereji wa kufungulia maji ulio juu kwenye kanisa la mlimani. Nani asiyeujua? Watoto wanautundikia mifuko.

Mama yako anapenda kuisimulia hiyo, lakini huanzia kwenye mjusi. Ianzie kwangu. Kanisa halikuwa na maji, kina mama wanapanda na mitungi. Mimi nikasimama kwenye mkutano nikasema, haya maji yanatoka Mlima Kenya, yana nguvu, yakishuka mpaka bondeni yatapanda mpaka kanisani yenyewe, bila pampu. Wakaniuliza, una hakika? Nikawauliza, nani hapa amechimba mitaro mingi kuliko mimi? Vijana wakachimba mpaka juu. Siku ya kufungua, mchungaji akaomba, kwaya ikaimba, nikazungusha mfereji kwa mkono wangu. Ukatoa upepo. Ukatoa upepo tena. Halafu akatoka mjusi, akatutazama, akarudi ndani. Kwaya ikaimba wimbo wa pili, na wa tatu, kutupa nafasi.

Nilisema ni watu wa chini wamefungua sprinkla zote kwa wivu. Nimesema hivyo mpaka wiki iliyopita.

Wiki iliyopita, siku niliyowaambia nimeenda kutafuta mbolea, sikuwa nimeenda mbolea. Nilienda Kibugu. Nilitaka kumwona huyo mwalimu wa fizikia kwa macho yangu, Madamu Wanja, nijue kama anamweza mtu wa shingo kama yako. Mkuu wa shule akaniambia yuko darasani, nisubiri nje. Baridi ya huko kama huijui utaijua. Madamu akaniona dirishani nikitetemeka, akaja mlangoni. Ni mdogo, Mwenda, ningeweza kumzaa.

"Mzee, ingia uketi, nitamaliza sasa hivi."

Nafasi ilikuwa moja, nyuma kabisa karibu na dirisha. Nikaangalia yale matoto, yote yamegeuka kunitazama, masweta ya kijani, pua nyekundu kwa baridi. Nikakumbuka ufagio. Nakwambia ukweli, mguu mmoja uliingia na mwingine ukabaki nje. Halafu nikaketi. Kijana wa pembeni akasogea kunipa nafasi, akaninong'onezea kwa adabu kabisa.

"Mzee, na wewe umerudia?"

Nikamtazama vizuri. Hakuwa ananicheka. Alitaka tu kujua.

"Nimerudia," nikamwambia.

Akanipa kalamu.

Madamu alikuwa anawakumbusha mambo ya nyuma kabla ya kuanza mapya. Alikuwa na mpira mrefu unaoonekana ndani, ameutia maji ya rangi, wanafunzi wawili wameshika ncha, huyu upande huu, huyu upande ule, umening'inia katikati kama machela. Maji yamesimama sawa pande zote mbili. Akauliza, tukiinua upande mmoja juu sana, maji yatafika mdomoni mwa mpira? Mimi nikainua mkono. Sikuweza kujizuia, unanijua.

"Yatafika," nikasema. "Ikiwa yametoka mlimani, yana nguvu."

Hakucheka. "Wacha tuone, mzee." Msichana mmoja akapanda juu ya kiti akainua ncha yake mpaka karibu na dari. Maji hayakumfuata. Yalikimbilia kwa yule mwingine, yakapanda mpaka ncha yake, yakamwagika juu ya viatu vyake. Darasa likapasuka. Upande wa msichana mpira ulibaki mtupu, na ukifikiria vizuri, mahali pa mjusi kukaa.

Madamu akasema, maji hayapandi kupita pale yalipoanzia, hata yakipita bondeni namna gani. Na njiani paipu inayakula kidogo. Basi kabla ya kuchimba unapima kwanza, chanzo kiko juu kiasi gani, na unakokwenda kuko juu kiasi gani. Akaandika ubaoni mstari mmoja. Mstari mmoja, Mwenda! Yule msichana wa penseli alikuwa nao kichwani. Mimi ningekuwa nao, ningemwambia mchungaji nunua pampu, na vijana wangebaki nyumbani, na mama yako angekosa hadithi.

Hakuna aliyefungua sprinkla. Nitawaambia, lakini polepole, mmoja mmoja.

Sikuelewa yaliyofuata. Kulikuwa na herufi na namba zimepandana. Lakini nilikaa mpaka kengele, na hakuna kilichonipata. Nilitoka na umri wangu wote na ndevu zangu zote. Kwenye foleni ya uji walinipisha mbele, nikakataa, nikasimama nyuma ya kijana wangu wa kalamu. Uji una ndimu. Si mbaya.

Na Jumatano nilipopeleka ndizi Nkubu, wakaniuliza kama kawaida yao.

"Kapteni ameondoka?"

"Anaondoka kesho kutwa."

"Kambi gani?"

"Kidato cha tatu."

Wakacheka, ndiyo. Yule mama wa mizani akacheka mpaka akashika kiuno. Nikawaacha wacheke, nikawaambia mimi mwenyewe nimetoka huko, nimekaa darasani, nimejibu swali. Wakauliza, ulijibu vizuri? Nikawaambia nililijibu kwa sauti. Kwa hivyo kicheko chako kimeshachekwa. Ukipita pale kesho utakuta kimepoa. Wataniuliza mimi habari zako, hawatakuuliza wewe, na nitawajibu ninavyojua kujibu.

Sitakuja kukusindikiza. Nikija nitaongea, na nikiongea ndovu watafika sita. Ukifika Nkubu, uone hicho unachotaka kuona. Mimi siwezi kukushika kola, wewe ni nthaka. Lakini sweta nimeitoa kwenye mfuko ambao ulikuwa umeificha nyuma ya mlango, nimeiweka juu kabisa ya sanduku. Madamu Wanja ameandika jina lako kwenye mpango wa madeski, kwa sababu nimemwambia unakuja. Kama kawaida yangu nimetangaza mapema.

Deski lako ni lile lile, la nyuma, karibu na dirisha. Lilikuwa linacheza, mguu mmoja mfupi, ukiandika herufi zinaruka. Watoto walipotoka kwenda uji nilibaki kidogo nyuma, nikachonga kijiti kwa kisu changu cha ndizi nikakipigilia chini ya ule mguu. Nimelisukuma kwa mikono miwili, nimelikalia. Limetulia.

Ukikiona kile kijiti, usikitoe.

Anko wako,
Gitonga